Damu Iliyokataa Kuganda kwenye Pembe

Pale Ihanja, kando ya barabara kuu, Bonifasi alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni asali. La pili ni utani. Asali yake ilikuwa nzuri sana. Kuhusu utani wake, nitakuachia wewe msomaji uamue.

Kila asubuhi Bonifasi alipita zahanati akienda kwenye shamba lake la alizeti. Zahanati haikuwa njiani. Alizunguka makusudi, kwa sababu pale alikuwapo Nesi Klara, na Nesi Klara alikuwa Mnyiramba wa Kiomboi. Bonifasi ni Mnyaturu. Makabila hayo mawili ni watani, na mtani husema lolote bila mwenzake kununa.

"Mtani, hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kutibiwa au kuomba chai?"

"Nimekuja kukagua dawa. Mnyiramba akiachwa na kabati, jioni linabaki kabati tu."

"Dawa ni za serikali, sizili," Klara alijibu huku akiendelea kupima mtoto uzito. "Ningekuwa na njaa ningekula wewe. Ila Mnyaturu ni mifupa mitupu, utanivunja meno."

Akina mama waliokuja kliniki walicheka. Bonifasi naye alicheka kwa sauti kubwa iliyosikika hadi barabarani, kisha akaenda shambani akiwa ameridhika. Siku asiyotukanwa na Klara, hata jembe lilimwia zito.

Mkewe, Damari, hakufurahia mchezo huo.

"Yule ni nesi," alimwambia. "Iko siku utamhitaji."

"Mtani ndiye anayefika wa kwanza, mama," Bonifasi alijibu. "Siku nikifa, Klara atakuja msibani avae buti zangu na kudai mzinga mmoja. Hiyo ndiyo kazi yake."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa desturi, watani huja msibani na kufanya vituko, na wafiwa hujikuta wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Tatizo la Bonifasi ni kwamba hakuwa na subira ya kungoja msiba wenyewe. Siku moja alijilaza kwenye benchi la zahanati, akajifunika kitenge, akamtuma jirani yake Amosi, mwendesha bodaboda, apige kelele kwamba mtu amekufa. Klara alitoka mbio na mkoba wake wa dawa, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Alipofunua kitenge, Bonifasi alifumbua macho akaomba chai.

Wagonjwa wote walicheka. Klara pia alicheka, baada ya kwenda kuchukua kiatu chake.

"Sawa, mtani," alisema. "Siku utakayokufa kweli, nitakuja baada ya arobaini."

Weka mzaha huo akilini, maana utarudi.

Mwaka huohuo, msimu wa kurina asali ulipofika, Bonifasi aliumwa na nyuki mkononi. Hilo halikuwa jambo jipya. Nyuki walikuwa wamemuuma tangu utotoni, na kila mara alivimba kidogo tu, akajikuna, akaendelea na kazi. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Alipofika nyumbani alikuwa na vipele vinavyowasha mwili mzima, hata tumboni na mgongoni. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba.

Damari alipomwona alicheka kwanza, kwa sababu mdomo ule ulimfanya Bonifasi aonekane amenuna, na Bonifasi hakuwa mtu wa kununa. Kisha akaacha kucheka. Alimshika mkono akampeleka zahanati.

Klara alimtazama usoni, akamtazama mgongoni, akampima presha. Alimpa dawa ya kutuliza muwasho. Alimweka pale mpaka uvimbe ukaanza kupungua. Ndipo akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Bonifasi," alisema. Hakusema mtani. "Huu ni mzio. Mwili wako sasa unaichukulia sumu ya nyuki kama adui mkubwa, unapigana nayo kupita kiasi. Safari ijayo inaweza kuwa mbaya zaidi ya leo. Inaweza kukuua. Nenda hospitali wakakupime vizuri. Kwa sasa kaa mbali na mizinga. Ukiumwa tena, usingoje uvimbe. Nipigie simu hapohapo. Na mtu yeyote asikuchanje wembe."

Bonifasi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umesikia, Damari? Mnyiramba ameitamani mizinga yangu. Anataka nikae mbali ili yeye akae karibu."

"Sitanii," alisema Klara.

"Mtani akisema hatanii, hapo ndipo anatania hasa."

"Nakuambia ukweli, ndugu yangu."

"Eti ndugu yangu," Bonifasi alicheka mdomo wake ukiwa bado mzito. "Leo kweli umeamka na njaa ya asali."

Klara alikasirika. Bonifasi alifurahi, kwa sababu kumkasirisha mtani ni ushindi. Jioni alikuwa ameshasimulia kijiji kizima kwamba nesi anasema nyuki watamuua, yeye ambaye baba yake na babu yake walikula asali mpaka uzeeni. Watu walicheka sana. Damari peke yake hakucheka. Aliogopa, na hakujua amwambie nani, maana kila aliyemwambia alidhani na yeye anaendeleza utani.

Safari iliyofuata, nyuki walimkuta Bonifasi nyumbani. Alikuwa uani, anakamua masega na kuchuja asali kwenye ndoo. Nyuki wachache walikuwa wamefuata harufu. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa Mzee Gasto, baba yake mdogo, aliyekuja kuwasalimia. Damari alishampa shikamoo na uji.

Mzee Gasto alikuwa mtu mpole na mkarimu. Pia alikuwa mtaalamu wa kuumika. Yaani mtu akiumwa mgongo au akivimba goti, mzee humchanja kidogo kwa wembe, huweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, hufyonza hewa kwa kinywa, kisha huziba tundu la pembe kwa nta. Damu huvutwa ndani ya pembe. Baada ya muda huibandua, humimina damu kwenye sahani, na watu husogea kuangalia. Damu huwa nzito, imeshikana kama ini. "Mnaona?" mzee husema. "Hii ndiyo ilikuwa imeganda humo ndani. Ndiyo iliyokuwa inamtesa." Watu huitikia kwa heshima. Nta ya kuzibia pembe alipewa bure na Bonifasi.

Nyuki mmoja alitua shingoni mwa Bonifasi, akauma.

"Ametumwa na Klara huyu," alisema Bonifasi, akaukwangua mwiba kwa ukucha, akaendelea kukamua.

Haikuchukua muda viganja vikaanza kumwasha. Akavikuna kwenye ukuta. Masikio yakawa mekundu. Macho yakavimba, kisha midomo, kisha uso wote. Alitaka kusema neno, sauti ikatoka ya kukwaruza. Akatapika uji wa asubuhi. Akashika ukuta akasema dunia inazunguka.

Mzee Gasto aliinuka. Wakati kama huu ndio alikuwa akiusubiri, na tusimlaumu kwa moyo wake, alitaka kumwokoa mtoto wa kaka yake.

"Uvimbe wa ghafla namna hii ni damu," alisema. "Sumu imeigandisha. Mkalishe kwenye kigoda nimtoe damu."

Bonifasi alikalishwa. Mzee alichukua wembe mpya, akamchanja begani, akaweka pembe, akafyonza, akaziba. Damari alisimama mlangoni akishikilia upindo wa kanga. Alikumbuka kwamba nesi alisema asichanjwe. Lakini atamwambiaje baba mkwe wake? Katika nyumba ile, mkwe hakuwahi hata kumjibu mzee kwa sauti.

Mzee Gasto aliibandua pembe, akamimina damu kwenye sahani.

"Mnaona," alianza kusema, akanyamaza.

Damu ilikuwa nyepesi kama maji ya choya, ile juisi nyekundu ya maua. Aliinamisha sahani, damu ikakimbilia upande huu. Akaiinamisha tena, ikakimbilia upande ule. Alisubiri. Akaipuliza. Akaisogeza kivulini, halafu akairudisha juani.

"Ganda basi," aliiambia damu, kwa sauti ya kubembeleza.

Damu haikuganda. Na begani kwa Bonifasi, pale penye chale ndogo ambazo siku nyingine hukauka zenyewe, damu iliendelea kutiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ni ya juu tu," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Iliyoganda iko ndani zaidi. Tutachanja tena, chini kidogo."

Akachukua wembe.

Damari alitoka mlangoni. Hakuwa na maneno ya jambo alilotaka kulifanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha mkwe namna ya kumzuia mzee. Akatumia yale aliyokuwa nayo.

"Shikamoo, baba," alisema, akapiga goti.

"Marahaba," alijibu Mzee Gasto kwa mshangao, maana walishasalimiana.

Damari akamnyang'anya wembe kwa mkono mmoja na pembe kwa mkono mwingine, akavitupa vyote juu ya paa la banda la kuku. Kisha akatoa simu.

"Nesi Klara, Bonifasi anakufa."

"Tena?" ilijibu sauti ya Klara. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia. "Leo nina kliniki, mwambie mtani asubiri. Afe kesho asubuhi kabla watu hawajajaa."

Damari aliikaza simu sikioni. Angesema nini kiaminike? Kulia kusingesaidia, Amosi alishalia siku ile ya kitenge, tena vizuri. Kuapa kusingesaidia. Bonifasi alikuwa ameshayatumia maneno yote ya hatari, akayamaliza. Basi Damari akasema tu kile alichokiona.

"Ameumwa na nyuki shingoni. Mzee Gasto amemchanja. Damu iko kwenye sahani na haigandi."

Sasa Klara aliacha mzaha.

"Haigandi?"

"Ni nyepesi kama choya. Bega linavuja tu. Uso umevimba, ametapika, sauti imekauka."

"Damari, amekaa au amelala?"

"Amekaa."

"Mlaze sasa hivi. Chali, miguu iwe juu ya kitu. Akitaka kusimama, mkatalie, hata kidogo asisimame. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwinue kichwa na mabega tu. Bonyeza bega kwa kitambaa safi, usiachie. Nakuja."

Klara hakuaga. Damari alimlaza mumewe chini, akaweka miguu yake juu ya ndoo ya asali. Akakunja kanga safi, akaiweka begani kwake.

"Baba, tafadhali bonyeza hapa," alimwambia Mzee Gasto. Mzee alipiga magoti akabonyeza kwa mikono yote miwili.

Bonifasi alifumbua jicho moja, lile lililoweza.

"Klara amesemaje?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Amesema ufe kesho asubuhi."

Ulikuwa utani mzuri, mzuri kuliko wote aliowahi kufanyiwa. Bonifasi alitaka kucheka. Alivuta pumzi ya kuchekea, haikuja. Alivuta tena, ikaja nusu, na yenye mlio. Hapo ndipo alipoogopa. Alimshika Damari mkono, na Damari akaona hofu machoni mwake, akalia waziwazi.

Pikipiki ya Amosi iliingia uani bila kupunguza mwendo, kuku wakatawanyika. Klara alishuka kabla haijasimama. Alipiga magoti, akamtazama Bonifasi mara moja tu, akatoa sindano kwenye mkoba, akamchoma pajani kwa nje, juu ya suruali yake.

"Hii ni adrenalini," alisema huku akimshika mapigo. "Ndiyo dawa ya kwanza ya mzio mkali. Ile ya muwasho niliyompa siku ile haitoshi hapa. Sasa tusubiri, na asiinuke."

Walisubiri. Hata Amosi, ambaye huwa na la kusema, alisimama akiwa ameshika funguo tu. Kidogo kidogo mlio wa pumzi ukapungua. Midomo ya Bonifasi, iliyokuwa imepauka, ikarudia rangi yake. Akafumbua macho yote mawili.

"Mtani," alisema taratibu, "umetoboa suruali yangu."

Klara alikaa chini vumbini na kuanza kulia.

"Nyamaza," alimwambia. "Nyamaza kabisa. Usiniite mtani leo."

Baada ya kupangusa machozi alipiga simu kuomba gari la wagonjwa, kwa sababu mzio mkali unaweza kurudi hata baada ya sindano, na mgonjwa anapaswa kuangaliwa hospitali. Aliinua kitambaa begani akaona damu imepungua, akafunga jeraha vizuri. Wakati wanasubiri gari, Mzee Gasto alisogea na sahani yake.

"Mwanangu," alimwambia Klara, "nimeumika watu tangu ujana wangu. Damu huganda. Ya huyu imekataa. Kuna mtu amemfanyia kitu?"

"Hakuna mtu, mzee wangu. Kaa nikueleze." Klara alivuta pumzi. "Ndani ya mwili, chini ya ngozi na kwenye njia ya hewa, kuna chembe ndogo sana za ulinzi. Kila chembe imebeba vifuko vilivyojaa kemikali. Sumu ya nyuki ilipoingia, mwili wa Bonifasi ukadhani umevamiwa. Chembe zote zikapasua vifuko kwa wakati mmoja. Humo mlikuwa na kitu kinachoitwa histamini."

"Hiyo ndiyo imegandisha damu."

"Hapana. Histamini inapanua mishipa ya damu na kuifanya ivuje. Umeona mpira wa kumwagilia bustani uliochakaa? Maji yanatoka pembeni, mbele hayafiki. Ndivyo mishipa inavyokuwa. Maji ya damu yanavujia kwenye nyama, ndiyo uvimbe ule. Inaleta muwasho na vipele. Koo linavimba, pumzi inakosa njia. Na kwa kuwa mishipa imelegea na inavuja, presha inashuka, mtu anaona kizunguzungu, akisimama anaweza kuanguka na kufa. Ndiyo maana nilisema alale miguu juu, damu irudi kwenye moyo."

Mzee Gasto aliwaza. "Kwa hiyo uvimbe ule ni maji."

"Ni maji. Hakuna damu iliyoganda ya kutolewa."

"Lakini mimi huwa naiona, mwanangu. Kwenye sahani. Imeshikana kama ini."

"Mzee wangu, ukichinja kuku, damu ikimwagika kwenye bakuli, inakuwaje?"

"Inaganda."

"Kuku huyo alikuwa mgonjwa?"

Mzee Gasto alikuwa amechinja kuku wengi maishani mwake. Alitazama banda la kuku, ambako pembe yake ilikuwa juu ya paa.

"Damu yoyote yenye afya ikitoka nje huganda," Klara aliendelea kwa upole. "Ni kinga ya mwili, ili mtu asiishiwe damu akijikata. Ile unayoiona kwenye sahani imegandia ndani ya pembe. Haikuwa imeganda mwilini."

"Na hii ya leo? Mbona haikuganda hata kwenye pembe?"

"Swali zuri. Vile vifuko vya chembe za ulinzi havibebi histamini peke yake. Ndani yake mna kitu kingine, kinaitwa heparini. Kazi yake ni kuzuia damu isigande. Hospitali wanayo ya sindano, wanampa mtu ambaye damu yake imeganda kwenye mishipa. Vifuko vikipasuka, histamini na heparini zinamwagika pamoja. Mara nyingi heparini inayotoka ni kidogo, huwezi kuona tofauti. Lakini mzio ukiwa mkali sana, inaweza kutoka nyingi, damu ikachelewa kuganda."

"Kwa hiyo wakati anavimba..."

"Wakati anavimba, damu yake inaweza kuwa mbali na kuganda kuliko siku zote. Wewe ulitaka kutoa damu iliyoganda. Mwili wenyewe ulikuwa unamwaga dawa ya kuzuia isigande. Ukamchanja mtu ambaye presha inashuka na damu haitaki kukauka. Chale ya pili ingekuwa hasara juu ya hasara."

Mzee Gasto aliiweka sahani chini.

"Ningemuua mtoto wa kaka yangu," alisema.

Lilikuwa kweli. Damari alimletea maji ya kunawa, akamshikia birika kwa heshima zote za mkwe. Bonifasi, akiwa bado amelazwa, alinyoosha mkono akamgusa mzee mguu.

"Baba mdogo," alisema, "mimi nilionywa na mtu aliyesoma, nikacheka. Wewe hukuonywa na mtu."

Bonifasi alilazwa hospitali mpaka madaktari waliporidhika. Walimwambia maneno yaleyale ya Klara, na safari hii alisikiliza, kwa sababu hao hawakuwa watani wake. Alirudi nyumbani akiwa mzima. Lakini alirudi na huzuni. Alikaa uani akitazama bomba lake la moshi la kufukizia nyuki na ovaroli yake ya kurinia, na siku nzima hakumtania mtu. Nyuki walikuwa maisha yake. Aliuliza kama hawezi kwenda kwenye mizinga hata mara moja moja.

"Huwezi," alisema Damari. "Mizinga nitaichukua mimi."

"Wewe unaogopa nyuki."

"Nilikuwa naogopa. Sasa naogopa kitu kingine zaidi."

Akaenda kujifunza kwa kikundi cha wafugaji nyuki. Ovaroli ya mumewe ilimpwaya, akaikunja miguu na mikono, na akitembea shambani alionekana kama godoro limeamua kusafiri. Ila asali iliendelea kuja. Masega sasa yanakamuliwa huko shambani, siyo nyumbani. Bonifasi alichukua nyundo na randa, akawa fundi wa mizinga. Anaiunda mitupu, safi, uani kwake, na watu wanatoka vijiji vya mbali kuinunua. Anasema anapenda mizinga hiyo kwa sababu haina wenyewe.

Kuhusu utani, Klara aliweka sheria. Alimweka Bonifasi mbele ya akina mama wote wa kliniki akasema:

"Nikikuita mtani, cheka utakavyo. Nikikuita Bonifasi, utani umefungwa. Na wewe, na mkeo, na mtu yeyote hapa, mkinipigia simu mkasema 'Klara' tupu, bila mtani, nitakuja mbio bila kuuliza. Atakayelitumia jina hilo kwa mzaha, hata kama ni wewe, sitamtania tena maisha yangu yote."

Bonifasi alikubali. Hakuna adhabu nyingine ambayo ingemtisha.

Sheria hiyo ilifanya kazi mapema kuliko walivyodhani. Mtu mmoja aitwaye Fredrick alitoka Mwankoko kuja kwa Mzee Gasto. Njiani jino lilimuuma, akameza vidonge alivyokuwa amepewa na jirani yake, ambavyo hakujua hata jina lake. Alipofika alikuwa anajikuna mwili mzima, macho yamevimba, kifua kinambana.

"Nimekuja na mgongo," alimwambia mzee, "lakini naona uanze na uso."

Mzee Gasto alikuwa ameshaishika pembe, mkono umezoea. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Unawashwa?" aliuliza.

"Sana."

"Lala chini. Inua miguu." Akachukua simu. "Klara," alisema. "Siyo mtani. Klara."

Fredrick alichomwa sindano mapema, akapona, na akaonywa asimeze tena dawa ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo Mzee Gasto ana msimamo wake, na anausema kwa sauti ya mtaalamu: "Uvimbe unaowasha siugusi. Mtu akiwashwa mwili mzima, akivimba midomo au ulimi, akikosa pumzi, sauti ikibadilika, akitapika au akiona kizunguzungu baada ya kuumwa na mdudu, kula kitu au kumeza dawa, huyo ni wa sindano. Mimi na wembe wangu tunakaa pembeni." Hata wenye maumivu ya mgongo siku hizi huwauliza kwanza kama wamepita zahanati. Pembe sasa kazi yake kubwa ni kutilia chumvi.

Jioni moja Klara alipita nyumbani kwa Bonifasi akitoka kazini. Alimkuta anapiga randa ubao. Damari alikuwa anavua ovaroli mlangoni.

"Mtani," alisema Klara, "kuna jambo linanisumbua. Siku ile, nikiwa nyuma ya pikipiki ya Amosi, nilishaandaa maneno ya kusema msibani kwako. Mazuri kweli. Hata buti nilikuwa nimeshazichagua. Sasa umepona, nimebaki nayo."

Bonifasi aliweka randa chini.

"Yaseme sasa," alisema. "Nikiwa nasikia."

Klara alivua viatu, akaingiza miguu kwenye buti za Bonifasi zilizokuwa ukutani, akasimama juu ya mzinga mtupu kama anayehutubia waombolezaji.

"Ndugu wafiwa," alisema kwa huzuni kubwa, "hapa amelala Mnyaturu aliyeambiwa ukweli na Mnyiramba. Akamtukana. Sisi hatuna kinyongo. Tupeni mzinga mmoja, tuondoke."

Damari alikaa chini mlangoni, ovaroli ikiwa imemfika magotini, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanyamaza ghafla, akamtazama mumewe. Bonifasi alivuta pumzi ya kuchekea. Ikaja yote. Akacheka kwa ile sauti yake kubwa inayosikika hadi barabarani, na pumzi ikamtosha.